Sukari ya Alfajiri: Kuusoma Usiku Kabla ya Kugusa Pampu ya Mtoto

Mtoto amelala na sukari ya 8, ameamka na 13. Mzazi mwenye pampu ya insulini mkononi huuliza papo hapo: niongeze insulini kiasi gani? Swali hilo ni la haki, ila lingefaa kuwa la tatu. La kwanza ni sukari ilianza kupanda saa ngapi. La pili ni kitu gani kingine kingeweza kuipandisha usiku ule. Namba ya asubuhi haijibu lolote kati ya hayo mawili, na anayeifuata hiyo peke yake anaweza kuongeza insulini katika saa zile zile ambazo sukari ya mwanawe inashuka.

Hapa Mombasa watoto wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza wanatumia sindano. Pampu ni ghali, na vifaa vyake vya kubadilisha kila baada ya siku mbili au tatu ni gharama isiyokwisha. Naandika kwa familia iliyokwisha kuipata au iliyo mbioni kuipata, kwa sababu pampu hukabidhiwa mzazi kliniki mchana, na kazi yake ngumu huja usiku wakati daktari hayupo. Anayetumia sindano naye ataona humu mambo yanayomhusu, maana mwili wa mtoto ni ule ule. Namba zote za sukari hapa ni za milimoli kwa lita. Mashine yako ikisoma kwa miligramu kwa desilita, tuseme 126, gawanya kwa 18 upate 7.

Tuanze na kazi ya insulini wakati mtoto amelala. Ini halilali. Hata kama mtoto hajatia kitu tumboni tangu magharibi, ini huachia sukari kidogo kidogo kwenye damu ili ubongo na moyo viendelee na kazi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini kwa kipimo cha kulingana na sukari hiyo. Pampu inaiga kazi hiyo: kila baada ya dakika chache inasukuma chembe ya insulini ya haraka chini ya ngozi. Hiyo ndiyo insulini ya msingi, nayo hupangwa kwa uniti kwa saa. Insulini ya chakula ni jambo jingine. Hiyo mzazi huibonyeza mwenyewe mtoto anapokula, au anapotaka kurekebisha sukari iliyopanda.

Ukiishika tofauti hiyo, utaona kwamba insulini ya msingi ina kazi moja usiku, nayo ni kuishikilia sukari pale ilipo. Haikuwekwa kuishusha. Mtoto aliyelala na 7, chakula kikiwa kimekwisha kuyeyuka na dozi yake imekwisha nguvu, anatakiwa aamke karibu na 7. Tofauti ya hadi 2 hivi, juu au chini, si ya kuhangaikia. Na mtoto aliyelala na 14 akaamka na 14, kiwango chake cha usiku ni sahihi. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo, nami nalisisitiza kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumizwa bila kukusudia. Ile 14 ililetwa na jioni: chakula kilichokadiriwa pungufu, dozi iliyochelewa, kaimati mbili alizopewa na jirani. Inafaa kurekebishwa kabla ya kulala, kwa dozi ya kurekebisha. Ukiongeza insulini ya msingi ili kuifuta 14 ya jioni, siku mtoto atakapolala na 6 pampu itaendelea kumshusha vile vile, na nyumba nzima imelala.

Kwa hiyo kabla ya pampu, itazame sahani. Vyakula vyetu vya jioni ni vitamu na vizito: wali wa nazi, mbaazi za nazi, viazi karai, samaki wa kupaka, biriani ya Ijumaa. Mafuta hukawiza chakula tumboni, na nyama nyingi huongeza sukari polepole saa kadhaa baadaye. Mtoto aliyekula biriani saa mbili usiku na kupewa dozi yote kwa mkupuo anaweza kushuka kidogo saa tatu, kisha akaanza kupanda saa tano na kuendelea kupanda hadi saa nane. Kwenye karatasi ya vipimo picha hiyo inafanana kabisa na upungufu wa insulini ya msingi, lakini dawa yake ni nyingine. Pampu nyingi zinaweza kuigawa dozi ya chakula, sehemu iingie sasa na sehemu isukumwe taratibu kwa saa mbili, tatu au zaidi. Muulize nesi wa kisukari akuonyeshe namna ya kuigawa kwenye pampu yako. Kwa mtoto wa Pwani ni jambo la kila wiki.

Ndiyo maana usiku wa kupima kiwango cha msingi lazima uwe usiku uliochaguliwa. Mtoto ale mapema, chakula chepesi ambacho hesabu yake unaijua, tuseme ugali na mchicha na kipande cha samaki wa kuchoma, bila nazi wala vya kukaanga. Asile tena baadaye. Dozi yake ya mwisho iwe imepita angalau saa nne kabla ya kuanza kuhesabu. Usiku ambao mtoto ana homa, au amecheza mno mchana, au ameshuka sana siku hiyo, haufai. Kisha pima anapolala, saa sita usiku, saa tisa, na anapoamka. Kama ana kifaa cha kubandika kinachosoma sukari wakati wote, mchoro wake utakuonyesha yote hayo na zaidi. Akishuka chini ya 4, acha jaribio umtibu. Akipita 14, acha pia umwangalie ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini na kuanza kuchoma mafuta.

Katika nyumba zetu mara nyingi bibi ndiye anayelala na mtoto, na akisikia mlango unafunguliwa saa tisa usiku atasema, "Mwache mwanangu alale." Ana sababu ya kusema hivyo, maana usingizi wa mtoto ni afya pia. Mwonyeshe kwamba kidole huchomwa pembeni ya ncha, gizani kwa tochi ya simu, na watoto wengi hata hawazinduki. Akielewa kwamba ni usiku mbili tatu tu, atakuwa yeye wa kwanza kukukumbusha.

Sasa tuje kwenye sababu ya usiku kutokuwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto anapolala mwili wake hutoa homoni ya kukua, na karibu na alfajiri hutoa kotisoli ya kumwandaa kuamka. Zote mbili huifanya insulini isifanye kazi vizuri. Kwa kijana aliyebalehe au anayekaribia, sukari huanza kupanda kuanzia saa tisa au saa kumi usiku hadi baada ya jua kuchomoza, na kiasi cha insulini anachohitaji saa hizo kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha saa sita usiku. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 6, mara nyingi huwa kinyume: mahitaji yake makubwa huja mapema, kati ya saa tatu na saa sita usiku, na karibu na alfajiri huhitaji kidogo. Ukichukua mpangilio wa pampu ya kijana wa miaka 14 ukamwekea mdogo wake wa miaka 5, utamwongezea insulini pale pale ambapo mwili wake hauitaki. Usiazime mpangilio wa mtoto mwingine, hata akiwa wa tumbo moja.

Kuna fundisho la zamani ambalo bado wazazi huambiwa, kwamba sukari ikiwa juu asubuhi basi mtoto alishuka usiku na mwili ukaipandisha kwa nguvu. Wazo hilo lilitolewa na mwanakemia Michael Somogyi katika miaka ya 1930, kabla ya mtu yeyote kuweza kutazama sukari ya usiku mzima. Vifaa vinavyosoma sukari mfululizo vimeonyesha kwamba mara nyingi aliyeshuka usiku huamka akiwa chini, si juu. Kinachompandisha baada ya kushuka kwa kawaida ni hofu yetu: soda nzima, asali, biskuti, kisha chai yenye sukari, vyote ndani ya robo saa. Kupima saa tisa usiku bado ni jambo la maana, lakini kwa sababu ya kujua njia sukari iliyopita, si kwa kuwa kila 13 ya asubuhi inaficha kushuka.

Ukishaijua saa ambayo sukari huanza kubadilika, usibadilishe kiwango cha saa hiyo. Badilisha cha saa moja au mbili kabla. Insulini ya pampu, ingawa inaitwa ya haraka, huchukua muda kuingia damuni kutoka chini ya ngozi, na mabadiliko madogo ya kiwango huonekana kwenye sukari baada ya saa moja au mbili. Anayetakiwa kuwa mjini saa mbili kamili akitokea Likoni hatoki nyumbani saa mbili. Anajua kuna foleni ya feri.

Nichukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mtoto ana kilo 25 na kwa siku nzima anatumia uniti 20 za insulini. Karibu uniti 8 kati ya hizo ni za msingi, wastani wa uniti 0.33 kwa saa, na usiku amewekewa 0.30. Usiku tatu mfululizo amelala na 8, saa sita yuko 7.6, saa tisa yuko 8, saa kumi na mbili asubuhi yuko 12. Chakula kilikuwa chepesi na hakuna dozi iliyokuwa bado inafanya kazi. Basi hapa tatizo ni la kiwango cha msingi, na linaanza saa tisa. Mabadiliko yaanze saa saba au saa nane usiku.

Kiasi gani? Desturi ya kliniki ni kubadilisha asilimia 10 hadi 20 kwa mara moja. Tukitoka 0.30 kwenda 0.35, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, tumeongeza uniti 0.2 kwa saa hizo nne zote. Sasa angalia nguvu yake. Njia ya kukadiria uwezo wa uniti moja ni kugawanya 100 kwa jumla ya insulini ya siku. 100 kwa 20 ni 5, yaani uniti moja humshusha mtoto huyu kama 5. Uniti 0.2 zitamshusha 1 hivi. Ataamka na 11 badala ya 12.

Mzazi atasema: mbona kidogo hivyo, si niruke moja kwa moja hadi 0.50 nimalize zile 4 zote? Hesabu inaruhusu, mwili hauahidi. Ile 5 ni makadirio, na usiku wa Jumanne si usiku wa Alhamisi. Ukikosea kwa kuongeza kidogo, mtoto ataamka na 11 na mtarekebisha kifungua kinywa. Ukikosea kwa kuongeza mno, atashuka akiwa usingizini. Kwa hiyo panda hatua moja, subiri usiku mbili au tatu, tazama, ndipo upande nyingine. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa kiwango cha usiku na dozi ya chakula cha jioni siku moja, asubuhi hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Kupunguza ni tofauti: mtoto akishuka usiku bila sababu ya wazi, usingoje usiku wa tatu. Punguza usiku unaofuata, na uwaarifu watu wa kliniki.

Hapa kuna mtego ambao ni wetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Pampu huanza siku yake usiku wa manane, na saa yake ya 3:00 ni saa tisa yetu ya usiku. Mama akimwambia mtu kwa simu, "Anapanda saa tisa," na yule akaandika 9:00, insulini imeongezwa saa tatu asubuhi mtoto akiwa darasani, na alfajiri imebaki vile vile. Wenye pampu za kuonyesha AM na PM wana hatari nyingine: herufi hizo zikipinduka, mpangilio wote wa usiku unahamia mchana. Andika kila saa kwa namna mbili, "saa nane usiku, 2:00 ya pampu," hata kwenye ujumbe wa simu. Na kila unapobadilisha betri, hakikisha saa ya pampu ni sahihi kabla ya kumrudishia mtoto.

Michezo nayo ina hesabu yake, na huchelewa kudai. Mtoto aliyecheza mpira ufukweni Bamburi jioni nzima, misuli yake huendelea kunyonya sukari kutoka kwenye damu akiwa amelala, na kushuka kwake huja mara nyingi kati ya saa sita na saa kumi usiku. Kiwango cha kudumu hakiguswi kwa ajili ya siku moja ya mpira. Pampu ina kiwango cha muda: wataalamu hupendekeza kukipunguza kwa karibu asilimia 20 kwa saa 6 tangu anapolala, kisha chenyewe kinarudi cha kawaida. Kuogelea ni tofauti kidogo, kwa sababu pampu nyingi huvuliwa. Pampu ikivuliwa, mtoto hana insulini nyingine mwilini ya kumsubiri, kwani ile ya haraka huisha ndani ya saa chache. Saa moja baharini haina neno. Mchana kutwa una neno kubwa, na sukari ya usiku huo haikuambii lolote kuhusu kiwango chako.

Hilo linatuleta kwenye usiku unaodanganya. Mrija mdogo ulio chini ya ngozi ukipinda au ukichomoka, sukari hupanda na haishuki hata ukibonyeza dozi. Jasho la kaskazi hulegeza gundi ya plasta, na mtoto anayejigeuza kitandani anaweza kuung'oa bila kujua. Kwa hiyo usibadilishe mrija saa ya kulala. Ubadilishe asubuhi au alasiri, ili upate saa kadhaa za kuona kama unafanya kazi. Sukari ikipita 14 na isishuke baada ya dozi ya kurekebisha, pima ketoni za damu. Zikifika 0.6, chukulia kwamba mrija umeharibika: mdunge insulini kwa sindano au kalamu kama kliniki ilivyokuelekeza, weka mrija mpya, mnyweshe maji. Zikifika 1.5 piga simu hospitali. Zikifika 3, au akitapika na kuhema kwa nguvu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Mwenye pampu asikose insulini na sindano nyumbani hata siku moja.

Joto pia hudanganya. Insulini inayotumika haifai kukaa juu ya nyuzi 30, na mchana wa Februari hapa hupita hapo kwa urahisi. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ila hewa yetu ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi, kwa hiyo usitegemee mtungi wa Mombasa upoze kama wa Garissa. Dalili ya kuitambua insulini iliyoharibika ni hii: kiwango kibaya hukosea saa zile zile kila usiku, lakini insulini iliyopikwa na joto hukosea usiku na mchana.

Na kifaa cha kubandika kikionyesha 3 ghafla saa nane usiku, mtazame mtoto kwanza. Akilalia mkono wenye kifaa, damu hupungua pale na kifaa husoma chini kuliko kweli. Mgeuze, mpime kwa kidole. Kidole kiwe kimeoshwa na kufutwa. Chenye maji ya embe kitakuambia yuko juu hali yuko chini, na hilo ni baya zaidi.

Akiwa kweli chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe sukari ya haraka, kama gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa yule wa kilo 25 ni gramu 7 au 8, karibu vijiko viwili vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Asiyeitika au anayetetemeka mwili mzima kwa degedege asimiminiwe kitu kinywani. Mlaze ubavu, simamisha pampu, mpe glukagoni, dawa ya kupandisha sukari haraka, kama mnayo, na mkimbizeni hospitali.

Wenye pampu mpya zinazojirekebisha zenyewe kwa kusoma kifaa cha sukari wanaweza kudhani haya yamekwisha kwao. Yamepungua, kweli. Lakini kifaa kikikatika mawasiliano, pampu nyingi hurudia mpangilio uliouandika wewe, na kama mpangilio huo ni wa mwaka jana, mtoto mwenyewe ameshakuwa mwingine.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpangilio wake. Mtoto mdogo hafungi, lakini nyumba ikila daku yeye huamka akala, futari yenye kaimati na viazi karai humfikia, na usingizi wake huvunjika vipande viwili. Sukari ya saa kumi alfajiri mwezi huo ni sukari ya baada ya kula, na haifai kulinganishwa na ya Shaaban. Pampu nyingi huhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, kaa na nesi au daktari wa mtoto muandike wa pili muupe jina lake, na ule wa kawaida muuache kama ulivyo. Kijana anayetaka kufunga aanze mazungumzo hayo mapema zaidi, na daktari wake awepo. Mwezi ukionekana wa Shawwal, kabla mtoto hajalala usiku wa kuamkia Idi, fungua pampu urudishe mpangilio wa kawaida.